Kuwekewa mbegu za mchangiaji: anza na chupa, njia itafuata

Anayetaka mtoto kwa mbegu za mchangiaji huuliza kwanza kuhusu njia. Ipi bora, bomba la sindano nyumbani au mpira mwembamba hospitali? Swali ni la haki, ila limeanzia mkiani. Ukishajua mbegu ulizonazo zimeandaliwaje, zilizo hai ni ngapi na zitaishi saa ngapi zikishaingia mwilini, njia mbili tatu zitajiondoa zenyewe, na uamuzi utakaobaki ni mdogo kuliko ulivyodhani.

Tuelewane maneno mawili kwanza. Shahawa ni ute wote anaotoa mwanamume. Mbegu ni zile chembe zinazoogelea ndani yake, na kwa ujazo ni sehemu ndogo sana. Kilichobaki ni maji ya tezi. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha jambo la salama na jambo la kukimbizwa hospitali.

Njia zenyewe, kutoka mlangoni kwenda ndani

Nyepesi kuliko zote ni kuweka shahawa ukeni kwa bomba lisilo na sindano. Inayofuata ni kuziweka pale pale kwenye mlango wa kizazi. Kwenye lebo za benki za mbegu utaiona kwa herufi ICI. Hizi mbili ni ndugu. Anayejaribu nyumbani akidhani anafanya ya pili mara nyingi anafanya ya kwanza, kwa sababu mlango wa kizazi hauonekani bila kifaa cha kupanulia uke na taa nzuri. Hapotezi kitu kikubwa. Katika siku za rutuba ute wa mlango wa kizazi huwa mwepesi na wa kuvutika kama ute mweupe wa yai la kuku, na mbegu zilizo karibu huupanda zenyewe.

Ya tatu ni IUI: mpira mwembamba unapita mlango wa kizazi na kuziacha mbegu ndani ya kizazi. Hii ni kazi ya mhudumu wa afya. Ya nne ni kutungisha mimba maabara, ambako mayai hutolewa mwilini, hukutanishwa na mbegu kwenye sahani au kila yai huchomwa mbegu moja, kisha kiinitete hurudishwa kizazini. Kuna pia mbinu ya kusukuma mbegu hadi kwenye mirija, lakini siku hizi hutumika kwa nadra.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kadiri unavyozipeleka mbegu ndani zaidi, ndivyo zinavyotakiwa kuwa safi zaidi, na ndivyo saa inavyobana zaidi.

Usafi, kwa sababu mlango wa kizazi ni bawabu. Katika tendo la kawaida mbegu hupenya na maji ya shahawa hubaki nje. Maji hayo yana bakteria na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hufanya kizazi kijikamue kwa maumivu makali. Ukiyapitisha kwa mpira hadi ndani umemruka bawabu, na unaweza kupata maumivu mabaya, maambukizi au mzio mkali wa ghafla. Kwa hiyo shahawa zisizosafishwa haziingizwi ndani ya kizazi hata siku moja, na IUI haifanywi nyumbani, hata kama mpira wenyewe unauzwa mtandaoni.

Saa, kwa sababu mbegu zilizosafishwa zimeondolewa maji yaliyokuwa yakizilinda, na zikiwekwa ndani zimeruka ute wa mlango wa kizazi, ambao ndio ghala lao. Kwenye ute huo mbegu mbichi hukaa na kutoka kidogo kidogo, na zinaweza kuishi hadi siku 5. Zilizogandishwa zikayeyushwa huwa na muda mfupi zaidi; panga kana kwamba una saa 12 hadi 24 tu. Na yai likishatoka lina saa 12 hadi 24 za kuishi.

Hatua ya kwanza: ukague mwili kabla ya kununua chochote

Hapa watu huruka, halafu wanajuta wakiwa wamemaliza chupa tatu za mbegu. Njia zote tatu za kwanza zinategemea mirija ya uzazi iliyo wazi. Mirija yote miwili ikiwa imeziba, bomba la nyumbani na IUI ni sawasawa: sifuri. Picha ya mirija, ile inayopigwa kwa eksirei baada ya kuingizwa dawa ya rangi, inajibu swali hilo kwa siku moja. Kama uliwahi kuugua maambukizi ya nyonga, klamidia, kisonono, au kupata mimba iliyotunga nje ya kizazi, usianze bila picha hiyo.

Vingine ni vya kawaida: ultrasaundi ya kizazi na ovari, homoni ya AMH inayokadiria akiba ya mayai, kipimo cha tezi ya shingo, kinga ya rubela, magonjwa ya zinaa, VVU na homa ya ini. Jua pia kundi lako la damu. Mwenye Rh hasi akitumia mbegu za mwenye Rh chanya si tatizo la kumzuia, ila atafuatiliwa na kuchomwa sindano ya kinga wakati wa ujauzito. Kuna pia CMV, kirusi kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni: kama hujawahi kukipata, kliniki nyingi zitakushauri mchangiaji ambaye naye hajawahi kukipata. Anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, walau mwezi mmoja kabla.

Hatua ya pili: mbegu

Kuna mbegu za benki na kuna mbegu za mtu unayemjua.

Za benki zimegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mchangiaji amepimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono na klamidia, na amechunguzwa magonjwa ya kurithi kama selimundu na thalasemia. Utaratibu uliozoeleka ni mbegu kuwekwa karantini miezi 6, mchangiaji apimwe tena, ndipo zitolewe. Huo muda unaziba pengo la dirisha, zile wiki ambazo mtu ameambukizwa na kipimo bado hakioni.

Soma lebo kwa makini. Chupa ya ICI ina shahawa ambazo hazijasafishwa. Kliniki inaweza kuzisafisha kabla ya IUI, ila baadhi ya mbegu hupotea katika kazi hiyo. Chupa ya IUI imeshasafishwa, na unaweza kuitumia hata kwenye mlango wa kizazi, ingawa umelipia usafi usiouhitaji. Kisha tazama idadi ya mbegu zinazotembea. Benki huitaja kwa kila mililita, na chupa nyingi ni nusu mililita tu. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa milioni 20 kwa mililita, yenye nusu mililita, ina milioni 10. Mbegu zinazotembea zikishuka chini ya milioni 5 nafasi ya IUI hupungua waziwazi. Nunua idadi; sura ya mchangiaji utotoni na mambo anayoyapenda havitaogelea kwa niaba yako.

Mbegu mbichi za mtu unayemjua zina nguvu kuliko zilizogandishwa, maana ugandishaji huua sehemu kubwa. Lakini karantini hakuna. Kipimo cha wiki iliyopita kinaeleza hali ya wiki kadhaa zilizopita, na baada ya hapo umebaki na neno lake. Mwombe majibu ya maandishi, yenye tarehe, yarudiwe kadiri majaribio yanavyoendelea, na muulize bila haya kama ana wapenzi wengine. Kuhusu sheria: katika nchi nyingi mchangiaji wa benki au kliniki iliyosajiliwa hahesabiwi kuwa baba, lakini aliyekupa mbegu nyumbani anaweza kuhesabiwa, pamoja na haki na wajibu wote. Karatasi mliyosainiana sebuleni huenda isisimame mahakamani. Muone wakili kabla, si baada. Na mtu anayejitolea mbegu kisha akashikilia kwamba lazima mlale pamoja "ndiyo ishike vizuri" anatafuta kingine. Mwage.

Fikiria pia mtoto atajua nini. Tukio la kale zaidi linalojulikana la mbegu za mchangiaji kwa binadamu lilifanyika Philadelphia mwaka 1884: daktari William Pancoast alimlaza mgonjwa wake kwa klorofomu, akamwekea shahawa za mmoja wa wanafunzi wake, na mwanamke hakuambiwa. Habari zilichapishwa 1909. Siri ya namna ile leo haina pa kujificha. Sweden ilimpa mtoto haki ya kumjua mchangiaji tangu 1985, Uingereza iliondoa usiri kwa wachangiaji wapya mwaka 2005, na kwingine kote kipimo cha vinasaba cha kununua mtandaoni kinafanya kazi ambayo sheria haijaifanya. Ukimchagua mchangiaji asiyetajwa, jua kwamba umechagua asiyetajwa kwa sasa.

Hatua ya tatu: saa

Wengi wetu tulifundishwa "siku za hatari" ili tuzikwepe. Sasa unaziwinda, na uwindaji unahitaji umakini zaidi, kwa sababu aliyekwepa alikuwa na siku 6 za kuziepuka na wewe mwenye chupa moja iliyogandishwa una nusu siku ya kulenga.

Tumia vipimo vya mkojo vya homoni ya LH. Chukua urefu wa mzunguko wako, toa 17, na anza kupima siku hiyo: mzunguko wa siku 28, anza siku ya 11. Homoni hii ikipanda, yai hutoka baada ya saa 24 hadi 36. Ukipima mara moja kwa siku unaweza kuukosa mwanzo wa mpando, au ukauona saa 20 baada ya kuanza. Siku zikikaribia pima mara mbili, mchana na jioni, na usinywe maji mengi saa mbili kabla. Mstari wa kipimo ukiwa mzito sawa na wa kulinganishia au kuuzidi, andika saa kamili. Mali bila daftari huisha bila habari, na chupa hizi ni mali.

Joto la mwili la asubuhi halifai kulenga, maana hupanda yai likiwa limeshatoka. Litumie mzunguko mmoja au miwili kabla ya kuanza, ujue tu kwamba mayai yanatoka. Wenye ovari zenye vifuko vingi wasitegemee LH pekee. Kwao kipimo kinaweza kuonyesha chanya siku nyingi mfululizo. Wanahitaji ultrasaundi.

Ukishapata chanya, ratiba ni hii. Mbegu mbichi: siku hiyo hiyo na kesho yake, na kama mchangiaji yupo, siku moja kabla ya chanya unayoitarajia ni bora zaidi, unachotaka ni mbegu ziwe zimefika na kulisubiri yai. Zilizogandishwa kwenye mlango wa kizazi: kati ya saa 12 na 24 baada ya chanya ya kwanza, na ukiwa na chupa ya pili, saa 12 baadaye. IUI: kesho yake, mara moja inatosha. Kliniki ikikuchoma sindano ya kulipua yai, yaani ya kulifanya litoke, hesabu hutoka kwenye saa ya sindano, na IUI hupangwa karibu saa 36 baadaye.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Kwa mbegu mbichi, mchangiaji atoe kwenye kikombe safi kisichopitishiwa dawa, bila mate wala mafuta ya kulainisha, kwani vyote vinaweza kudhoofisha mbegu. Kondomu yenye dawa ndiyo mbaya kabisa. Shahawa hutoka nzito kama uji na huyeyuka zenyewe kwa dakika 15 hadi 30. Acha ziyeyuke kwenye joto la chumba, usiziweke kwenye friji wala juani, na zitumie kabla saa moja haijaisha.

Kwa zilizogandishwa, tenga muda na utulie. Tangi hufika limefungwa. Ukilifungua moshi mweupe unamwagika pembeni na kushuka chini. Vaa glavu nene na miwani, fungua dirisha, na usiingize kidole. Chupa unayoitoa ni ndogo kama kifuniko cha kalamu, na wengi huishika wakajiuliza kama hawakudanganywa. Hawakudanganywa. Linganisha namba ya mchangiaji na karatasi zako kabla haijaanza kuyeyuka, maana iliyoyeyuka hairudishwi kwenye baridi. Legeza kifuniko kidogo gesi itoke, kisha fuata maelekezo ya benki husika neno kwa neno: kuna wanaotaka joto la chumba kwa dakika kadhaa, kuna wanaotaka maji ya nyuzi 37. Maji ya moto na maikrowevu ni kifo cha mbegu zote.

Tumia bomba safi, jipya, dogo, la mililita 1 hadi 3. Kwenye bomba kubwa nusu mililita hupotea kwenye kuta. Vuta taratibu, ligeuze mdomo juu, gonga kwa ukucha, na utoe hewa. Lala chali na mto chini ya nyonga. Ingiza bomba polepole hadi liguse mwisho bila kulazimisha, lirudishe nyuma kidogo, kisha sukuma kwa sekunde 30 au zaidi. Ukisukuma haraka kioevu kinarudi na bomba. Kaa hivyo dakika 15 hadi 30. Ukisimama kitu kitatoka tu. Ni maji, na mbegu zilizokuwa na nguvu zimeshaondoka.

Hospitali mambo ni mafupi zaidi. Maabara huzungusha shahawa kwenye mashine, au huziacha mbegu zenye nguvu ziogelee juu zenyewe, na kupata nusu mililita hivi ya mbegu safi. Unalala kama unavyolala kwa kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, mpira unapita, unahisi mbano kama wa hedhi, imekwisha. Dai mambo mawili: usomewe namba ya mchangiaji kabla ya kuwekewa, na uambiwe mbegu zilizotembea baada ya kuyeyushwa zilikuwa ngapi. Kuhusu kulala baadaye, tafiti zimepingana. Dakika 10 hazimdhuru mtu.

Ipi inashika zaidi?

Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35 mwenye mirija mizima, IUI ya mbegu za mchangiaji hushika takriban mara 10 hadi 20 kwa kila majaribio 100. Baada ya miaka 40 hushuka chini ya 10 na kuendelea kushuka. Tuchukue 15 kwa 100: jaribio moja linakatisha tamaa, lakini ukiyarudia 6, hesabu inafika kama 62 kwa 100. Ndiyo maana napendelea mtu apange fedha ya majaribio kadhaa ya njia nafuu kuliko kumaliza zote kwenye moja la kifahari.

Kati ya ICI na IUI, madaktari kwa miaka mingi wameegemea IUI kwa mbegu zilizogandishwa, na ndivyo ninavyoegemea mimi, kwa sababu chupa ni chache na maisha yake ni mafupi. Lakini tofauti si kubwa kama matangazo ya kliniki yanavyodai, na kwa mbegu mbichi zenye wingi mzuri, IUI haina mengi ya kuongeza kwa mwenye ute wa kawaida. Dawa za kuamsha ovari, kama klomifini au letrozoli, zinamfaa ambaye mayai yake hayatoki kwa mpangilio. Kwa ambaye yanatoka vizuri, huleta hasa uwezekano wa pacha, na kliniki makini itaahirisha mzunguko ikiona mayai matatu au zaidi yamekua pamoja.

Maabara ina nafasi zaidi ya maradufu kwa kila jaribio, na ni nzito kwa mwili na mfuko. Nenda huko moja kwa moja kama mirija imeziba. Fikiria mapema ukiwa umepita miaka 38, au kama chupa za mchangiaji unayemtaka zimebaki mbili. Mbegu chache sana zinatosha pale yai linapochomwa mbegu moja. Wengine wajipe majaribio 3 hadi 6 yenye saa sahihi. Jaribio lililofanywa siku isiyo yake usilihesabu.

Baada ya hapo

Pima mimba siku ya 14 baada ya kuwekewa. Aliyechomwa sindano ya kulipua yai akipima mapema ataona mstari wa dawa, si wa mimba. Homa, uchafu wenye harufu au maumivu ya nyonga yanayozidi ndani ya siku chache ni dalili za maambukizi. Rudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Mimba ikishika, ultrasaundi ya wiki ya 6 au 7 inaonyesha imekaa wapi. Maumivu makali ya upande mmoja, maumivu ya bega au kizunguzungu kabla ya hapo usiyasubirie miadi.

Na mstari ukikataa, fungua daftari kabla ya kufungua tovuti ya benki: saa ya LH, saa ya kuweka, idadi iliyotembea. Kama viwili vya kwanza viliachana kwa zaidi ya siku moja na nusu, usibadilishe njia bado.